Khutba ya Ijumaa: Sulhu, Ahadi na Haki ya Wapalestina

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, ambaye ameifanya ahadi kuwa deni na dhulma kuwa haramu. Tunashuhudia ya kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke Yake, na tunashuhudia ya kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na Sahaba zake, na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema hata siku ya malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, ninakuusieni nyinyi, na ninaiusia kwanza nafsi yangu, kumcha Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu zangu mliohudhuria msikitini, na nyinyi wazee wetu, mama zetu na wagonjwa mnaotusikiliza kwa redio majumbani, leo tutazungumza juu ya Palestina. Tumezoea kuitaja nchi ile kwa kilio, na kilio kina haki yake, kwani walioondokewa ni ndugu zetu. Lakini iko kazi nyingine ambayo wengi wetu hatuijui vyema, nayo ni kazi waliyoifanya Wapalestina kwa zaidi ya miaka 50, kwa kalamu na kwa hoja, wakitafuta dola yao wenyewe na amani ya mapatano. Katika mabaraza yetu, khasa baada ya sala ya alasiri watu wanapokaa kusikiliza habari, husikika kauli mbili. Mmoja husema: anayekaa meza moja na aliyemnyang'anya nyumba yake ameiuza dini na ameiuza nchi. Mwenzake hujibu: hata kama hakuiuza, makaratasi hayo yote yamemfaa nini? Kauli zote mbili hutoka katika vifua vyenye uchungu, na kwa hivyo zinastahiki kujibiwa.

Tuanze na mwenendo wa Mtume wetu (S.A.W.). Katika mwaka wa 6 wa Hijra alitoka Madina pamoja na Sahaba wapatao 1,400, wamevaa ihramu, wanakwenda kufanya Umra. Makureshi wakawazuia. Pale Hudaybiya akaja mjumbe wao, Suhayl bin Amr, mtu mjuzi wa maneno, ikaandikwa sulhu ya miaka 10. Mwandishi alikuwa Sayyidna Ali. Alipoandika ya kwamba haya ndiyo aliyopatana Muhammad Mtume wa Mwenyezi Mungu, Suhayl akakataa. Akasema lau wangelimkubali kuwa ni Mtume wasingelimzuia asiizuru Nyumba. Akataka liandikwe jina lake na la baba yake, basi. Ali hakuthubutu kulifuta lile tamko tukufu. Mtume akalifuta kwa mkono wake mwenyewe, pakaandikwa Muhammad bin Abdullah. Kabla hawajaondoka akatokea Abu Jandal, mtoto wa yule yule Suhayl, anajikokota na minyororo yake, amewakimbilia Waislamu. Na kwa sharti la mkataba akarudishwa kwa baba yake. Sahaba walihuzunika huzuni ambayo hawakupata kuihuzunika. Sayyidna Umar alishindwa kujizuia, akamwendea Mtume kumwuliza ni kwa nini wakubali unyonge katika dini yao, na ilhali wao ndio walio katika haki.

Njiani kurudi Madina ikateremka Sura ya Al-Fat-h, na Mwenyezi Mungu akauita mkataba ule ushindi ulio dhahiri. Miaka miwili tu baadaye washirika wa Makureshi, Banu Bakr, waliwashambulia Khuzaa waliokuwa katika ahadi ya Waislamu, sulhu ikavunjika kwa mikono ya wale walioisherehekea, na Makka ikafunguliwa.

Na yule yule Umar aliyeungua moyo Hudaybiya, tazameni alivyofanya alipokuwa Khalifa. Wanahistoria wetu wanasimulia ya kwamba Sophronius, askofu mkuu wa Baytul Maqdis, alitaka kuukabidhi mji kwa Khalifa mwenyewe, na Umar akasafiri kutoka Madina, akawaandikia wenyeji wa mji ule amani ya nafsi zao, mali zao na makanisa yao. Mji ambao leo macho ya ulimwengu yanauelekea uliingia katika Uislamu kwa mkataba ulioandikwa.

Kwa hivyo, ndugu yangu wa kauli ya kwanza, kukaa na hasimu na kuandikiana naye si jambo lililozushwa jana. Sura ya Al-Anfal, katika aya ya 61, inatuamrisha tuuelekee upande wa amani pindi adui anapouelekea, na aya inayoifuatia inatutuliza ya kwamba hata akikusudia hadaa, Mwenyezi Mungu anatutosha. Ni kweli ya kwamba wanavyuoni wa zama zetu walikhitilafiana. Katika miaka ya 1994 na 1995 Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudia alijuzisha sulhu na Israel iwapo wenye mamlaka wataona ina maslaha, na Sheikh Yusuf al-Qaradawi akampinga kwa hoja zake. Khitilafu hiyo ni ya watu wa elimu. Basi si halali kwa mmoja wetu, naye hajui hata mkataba mmoja ulisema nini, kumwita mwenzake msaliti au kafiri.

Lakini lishikeni jambo moja la Hudaybiya, kwa sababu tutalihitaji kuwa mizani. Mtume alikubali kulifuta jina. Haki yenyewe hakuifuta. Mkataba ulitaja muda wake. Ulitaja ya kwamba mwaka unaofuata Waislamu wataingia Makka kwa siku 3, na mwaka ulipofika waliingia, Makureshi wakawapisha.

Sasa twende Palestina. Tarehe 29 Novemba 1947 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio nambari 181 la kuigawa nchi ile, kwa kura 33 dhidi ya 13: dola moja ya Mayahudi na dola moja ya Waarabu, na Baytul Maqdis chini ya usimamizi wa mataifa. Waarabu walikataa. Leo ni rahisi kuwalaumu, lakini wakati ule Mayahudi walikuwa kiasi cha thuluthi ya wakaazi, nao walipewa zaidi ya nusu ya ardhi. Vikaja vita vya mwaka 1948. Wapalestina zaidi ya 700,000 wakatoka au wakatolewa katika miji na vijiji vyao, wengine na funguo za nyumba mifukoni. Dola moja katika zile mbili ikasimama. Ya pili haikusimama.

Baada ya vita vya Juni 1967, Israel ilipokwisha kuukamata Ukingo wa Magharibi, Gaza na Baytul Maqdis ya mashariki, Baraza la Usalama lilipitisha azimio nambari 242. Lilisema ya kwamba haifai ardhi kutwaliwa kwa vita, likataka majeshi yaondoke katika ardhi zilizokaliwa. Maneno mazuri. Ila mkilisoma azimio hilo kutoka mwanzo hata mwisho hamtalikuta jina la Wapalestina. Wametajwa kwa neno moja tu, wakimbizi, kama kwamba ni watu wasiokuwa na kwao wala hawakupata kuwa na kwao.

Hapa ndipo ilipoanza kazi ninayotaka muijue. Mtu asiyetajwa hawezi kudai. Mwezi wa Oktoba 1974 wafalme na maraisi wa Kiarabu waliokutana Rabat, Moroko, walikubali ya kwamba Chama cha Ukombozi wa Palestina (P.L.O.) ndicho mwakilishi pekee wa halali wa Wapalestina. Tarehe 13 Novemba mwaka ule ule Yasser Arafat akasimama mbele ya Baraza Kuu mjini New York, akasema amekuja na tawi la mzeituni na silaha ya mpigania uhuru, akawaomba wasiliache lile tawi likaanguka. Siku chache baadaye Baraza Kuu likakiri haki ya Wapalestina ya kujitawala, na likawapa kiti cha mwangalizi. Miaka sita baadaye, Julai 1980, lilipoitishwa baraza la dharura juu ya Palestina, mwenye kukalia kiti cha uraisi alikuwa Dakta Salim Ahmed Salim, mwana wa visiwa hivi vyetu vya Zanzibar, na baraza hilo likatamka wazi haki ya Wapalestina ya kuwa na dola yao huru. Tanzania ilikuwa imekwisha kuvunja uhusiano wa kibalozi na Israel tangu mwaka 1973. Ninayataja haya ili vijana wetu wajue ya kwamba sauti ya pwani hii ilikuwamo.

Kisha ukaja uamuzi uliokuwa mzito kuliko yote. Tarehe 15 Novemba 1988, mjini Algiers, Baraza la Taifa la Palestina lilitangaza dola ya Palestina, na papo hapo likalikubali lile azimio 242 lililokuwa haliwataji. Maana yake ni kwamba walikubali dola katika Ukingo wa Magharibi na Gaza, mji mkuu wake Baytul Maqdis. Nayo ni kama sehemu 22 katika kila sehemu 100 za nchi ya baba zao. Pimeni wenyewe. Mtu ananyang'anywa shamba zima, kisha anasema nipeni kipembe hiki kimoja nami nitakaa na nyinyi kwa amani. Kuna waliomtukana Arafat kwa hilo, na mimi siwezi kuwalaumu mama wa makambini Lebanon ambao vijiji vyao vilikuwa katika zile sehemu 78. Lakini asiseme mtu ya kwamba Wapalestina hawakupata kunyosha mkono wa amani.

Marekani ilimnyima Arafat ruhusa ya kuingia New York kwenda kulieleza hilo. Umoja wa Mataifa, kwa kura 154 dhidi ya 2, ukauhamisha mkutano wake Geneva, ukavuka bahari kwenda kumsikiliza mtu mmoja. Na tarehe 15 Desemba 1988 ukaamua ya kwamba kile kiti hakitaitwa tena kwa jina la chama. Kitaitwa Palestina.

Ninasema haya niliyoyasema, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha, mimi na nyinyi. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Wake mwaminifu.

Enyi Waislamu, yule wa kauli ya pili bado anangoja jawabu lake, na yeye ndiye mwenye hoja kali zaidi. Atasema: na Oslo je?

Mwezi wa Oktoba 1991 ulifunguliwa mkutano wa Madrid. Wapalestina hawakuruhusiwa kuja peke yao, waliingizwa ndani ya ujumbe wa Jordan, na aliyewaongoza alikuwa tabibu mzee kutoka Gaza, Dakta Haidar Abdel-Shafi. Wakati mazungumzo ya dhahiri yakijikokota, yalikuwapo mengine ya siri katika nchi ya Norway. Tarehe 13 Septemba 1993 dunia nzima ikaona Arafat na Waziri Mkuu wa Israel, Yitzhak Rabin, wakipeana mikono mbele ya Ikulu ya Marekani.

Siku nne kabla ya kupeana mikono huko ziliandikwa barua mbili. Katika barua yake Arafat alikiri haki ya dola ya Israel kuwapo katika amani na usalama. Katika barua yake Rabin alikiri ya kwamba P.L.O. ni mwakilishi wa Wapalestina. Mmoja alikiri dola, na mwenziwe alikiri msemaji. Kisha yakaahirishwa yale mambo ambayo ndiyo ugomvi wenyewe: Baytul Maqdis, wakimbizi, makazi ya walowezi, mipaka na usalama. Yakaambiwa yangoje, yatamalizwa ndani ya miaka 5.

Sasa leteni ile mizani ya Hudaybiya. Kule jina lilifutwa na haki ikabaki, ina muda wake na siku yake. Huku Wapalestina walipewa majina: raisi, mawaziri, bendera, askari wa kuongoza magari, na ardhi ikawa inapungua chini ya miguu yao. Mwaka 1993 walowezi katika Ukingo wa Magharibi, ukiacha Baytul Maqdis ya mashariki, walikuwa laki 1 na kitu. Miaka 30 baadaye walikuwa wamefikia laki 5. Kila mlowezi na barabara yake, na maji yake, na askari wa kumlinda. Ile miaka 5 ilikwisha mwaka 1999 na hakuna kilichomalizwa. Kosa basi halikuwa kukaa mezani. Kosa lilikuwa kuandika deni bila ya siku ya kulipa na bila ya shahidi mwenye nguvu juu ya mdaiwa.

Wala tusifiche ya kwamba walikuwapo watu wa pande zote mbili ambao damu iliwapendeza kuliko sulhu. Siku ya Ijumaa tarehe 25 Februari 1994, katika mwezi wa Ramadhani, mlowezi mmoja aliingia katika Msikiti wa Nabii Ibrahim mjini Hebron kwenye sala ya alfajiri, akaua watu 29 wamesujudu. Mabomu nayo yakalipuliwa ndani ya mabasi ya Israel, wakafa wanawake na watoto ambao hawakuukalia mji wa mtu. Na tarehe 4 Novemba 1995 Rabin mwenyewe aliuawa na kijana wa Kiyahudi aliyeyachukia mapatano. Mkutano wa Camp David wa Julai 2000 ulivunjika, na ule wa Taba wa Januari 2001 uliishia njiani. Machi 2002, mjini Beirut, nchi zote za Kiarabu zilijitolea kufanya amani kamili na Israel iwapo itarudi katika mipaka ya mwaka 1967. Mkono ule ulibaki umenyoshwa.

Mazungumzo ya watu wawili, mmoja ana jeshi na mwingine ana karatasi, yalipokuwa hayaendi, Wapalestina walifanya jambo la busara. Waliirudisha kesi yao mbele ya mataifa yote. Septemba 2011 Raisi Mahmoud Abbas aliomba uanachama kamili wa Umoja wa Mataifa, na ombi likakwama katika Baraza la Usalama. Tarehe 29 Novemba 2012, siku ile ile ya mwaka iliyopigiwa kura nchi yao kugawanywa miaka 65 nyuma, Baraza Kuu liliitambua Palestina kuwa dola, ingawa ni dola mwangalizi, kwa kura 138 dhidi ya 9. Yule bwana wetu atacheka: jina tena! Naam, jina, lakini hili halikutolewa na hasimu hata aweze kulitwaa atakapo. Na dola huweza kufungua milango ambayo msemaji hafunguliwi. Kwa jina hilo Palestina ikawa mwanachama wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai tangu tarehe 1 Aprili 2015. Na tarehe 19 Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa rai yake ya kwamba ukaliaji wa ardhi za Palestina ni kinyume cha sheria na wajibu ni kuukomesha.

Aprili 2024 ombi la uanachama kamili lilipata kura 12 katika 15 za Baraza la Usalama, na kura moja ya turufu, ya Marekani, ikaliangusha. Mwezi uliofuata nchi 143 katika Baraza Kuu zilisema Palestina inastahiki. Septemba mwaka ule mjumbe wake aliacha kiti cha pembeni akaketi katika safu ya mataifa kwa mpango wa herufi, baina ya Sri Lanka na Sudan. Septemba 2025 Uingereza iliitambua dola ya Palestina. Uingereza hiyo hiyo iliyoitawala nchi ile kwa miaka 30 na kuitoa ahadi ya Balfour mwaka 1917. Kanada, Australia, Ureno na Ufaransa nazo zikaitambua katika siku hizo hizo. Na Raisi Abbas, kama Arafat mwaka 1988, alinyimwa ruhusa ya kuingia Marekani. Mataifa yakapiga kura asikilizwe kwa picha ya video, akahutubia kutoka mbali.

Yote hayo yalipita huku Gaza inaangamia. Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas na wenzake waliua watu wapatao 1,200 ndani ya Israel, wengi wao raia, wakateka 250 hivi. Na sheria yetu haihalalishi kumwua mwanamke, mtoto wala mzee asiyepigana, wala hatuna ruhusa ya kulinyamazia hilo kwa sababu tu muuaji ni wa upande wetu. Vita vilivyofuata, kwa hesabu ya Wizara ya Afya ya Gaza, vilikwisha kuua zaidi ya watu 60,000 ilipofika sulhu ya Oktoba 2025. Watoto walikufa kwa mabomu na wengine kwa njaa. Ndugu yangu, mimi sikuambii ya kwamba kiti baina ya Sri Lanka na Sudan kinamrudishia mama mtoto wake. Ninakwambia ya kwamba watu wanaodai kwa miaka 50 kutajwa, kisha wakatajwa na mataifa zaidi ya 150, hawakukaa bure, na kwamba bila ya kuwapo dola hiyo juu ya ardhi, kila sulhu itakuwa mapumziko ya baina ya vita viwili.

Tuliobaki mbali tuna wajibu wetu. Wafundisheni watoto historia hii kwa miaka yake na maazimio yake, wasije wakaijua Palestina kwa nyimbo na picha tu. Msiwalaani Mayahudi kwa uyahudi wao. Sura ya Al-Maida, aya ya 8, inatukataza chuki ya watu isitutoe katika uadilifu, na wako Mayahudi, ndani ya Israel na nje yake, wanaoupinga ukaliaji huo hadharani. Sadaka zenu zipelekeni kwa watu wanaoaminika, mtake hesabu. Na habari inayokufikieni katika simu, ichunguzeni kabla hamjaipeleka mbele.

Ewe Mola wetu, warehemu waliokufa, wapoze waliojeruhiwa, warudishe majumbani kwao waliofukuzwa, wafungue waliofungwa kwa dhulma. Wape hekima wanaozungumza kwa niaba yao, uwakinge na kuchoka na kununuliwa. Zilainishe nyoyo za wenye nguvu ziione haki. Ihifadhi Masjidul Aqsa, na uihifadhi nchi yetu katika amani. Amin.

Simameni mswali, Mwenyezi Mungu akurehemuni.